John Kirk, munganga aliyepiga foto Zanzibar ya zamani

Jina la David Livingstone linajulikana mashariki mwa Congo, kuanzia Uvira hadi Kindu. La Stanley pia. Na la Tippu Tip, hata watoto wa shule ya msingi wanalitaja. Lakini kuna mwanaume mwingine ambaye alikuwa katikati ya historia ya hao wote, na ambaye watu wachache huku wanamfahamu. Livingstone alikuwa mkubwa wake wa kazi. Stanley alimchukia. Pembe za tembo za Tippu Tip zilishuka kwenye bandari ambayo yeye alikuwa anaiona kila siku. Huyo ni John Kirk, munganga kutoka Scotland, aliyeishi karibu miaka 20 kwenye kisiwa cha Unguja, Zanzibar, kati ya mwaka 1866 na 1886.

Vitabu vya historia vinamkumbuka kama balozi aliyesukuma Sultani wa Zanzibar kufunga soko la watumwa. Wataalamu wa mimea wanamkumbuka kama mtu wa miti na maua. Lakini Kirk alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyemlipa kuifanya: alipiga foto. Alipiga nyumba, bandari, miti na watu wa kisiwa, wakati ambapo apareyi ya foto ilikuwa kitu cha ajabu Afrika Mashariki nzima. Leo zile foto zinahesabika kati ya ushahidi wa zamani kabisa wa jinsi Zanzibar ilikuwa.

Na Zanzibar ile inahusu huku kwetu moja kwa moja. Utajiri wake ulitoka sehemu kubwa ndani ya bara, na Maniema ilikuwa moja ya mashamba yake makubwa ya pembe na ya watu.

Kijana wa mchungaji

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, mashariki mwa Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji. Kijana alisoma uganga kwenye chuo kikuu cha Edinburgh na kumaliza mwaka 1854. Lakini moyo wake ulikuwa pia kwenye mimea, na kwenye ile teknolojia mpya ya foto ambayo ilikuwa haijafikisha hata miaka 20 tangu itangazwe huko Ulaya.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa wakati wa vita vya Crimea, ambako alitumika kwenye hospitali ya Waingereza nchini Uturuki. Vita vilipoisha, akarudi nyumbani na kutafuta kazi ya kumpeleka mbali zaidi. Aliipata mwaka 1858. Livingstone, ambaye tayari alikuwa maarufu, alikuwa anatayarisha msafara wa serikali kwenye mto Zambezi, na alihitaji munganga ambaye anajua mimea. Kirk alikuwa na miaka 25.

Mpiga foto rasmi wa ule msafara hakuwa Kirk. Alikuwa Charles Livingstone, ndugu ya mkubwa mwenyewe. Lakini Charles hakuwa na mkono mzuri kwa kazi hiyo. Kirk alikuwa na apareyi yake na uvumilivu wake, na foto zake ndizo zilizofaulu zaidi. Alipiga miti ya kando ya mto, nyumba za Wareno katika mji wa Tete, na mandhari ya Zambezi.

Msafara wenyewe ulikuwa wa taabu. Meli yao ilikuwa mbovu, malaria iliua watu, na wazungu waligombana wao kwa wao. Mwaka 1860, kwenye maporomoko ya Kebrabasa, mtumbwi wa Kirk ulipinduka. Aliponea chupuchupu, lakini maandishi yake, michoro yake ya mimea na vitu vingine vilienda na maji. Kazi ya miaka miwili ilipotea kwa dakika chache. Mwaka 1863 aliondoka kwenye msafara akiwa mgonjwa na amechoka. Kwenye shajara yake hakumsifu Livingstone sana: aliona mtu jasiri ambaye hakujua kuongoza wenzake. Hata hivyo urafiki wao haukukatika.

Foto ilikuwa kazi ya kutwa nzima

Mtu wa leo anayetoa simu mfukoni pale kwenye rond-point Chukudu na kupiga foto 10 kwa dakika moja, itakuwa vigumu kwake kuelewa taabu ya wapiga foto wa enzi ya Kirk.

Njia iliyotumika sana wakati ule ilihitaji kipande cha kioo. Mpiga foto alimwagia kioo dawa nzito iitwayo kolodioni, akakitumbukiza ndani ya maji yenye madini ya feza, kisha akakiweka ndani ya apareyi kikiwa bado kibichi. Foto ilipaswa kupigwa na kusafishwa kabla kioo hakijakauka. Kwenye jua la tropiki, hizo ni dakika chache tu. Kwa hiyo kila mahali alipoenda, alihitaji kubeba hema au sanduku la giza, chupa za dawa, maji safi, na vioo ambavyo vilivunjika kwa urahisi. Na mara nyingi aliyebeba si yeye. Walibeba wapagazi.

Kulikuwa pia na njia ya kutumia karatasi iliyopakwa nta. Ilikuwa nyepesi kwa safari, na karatasi iliweza kutayarishwa mapema. Lakini ilihitaji mwanga kwa muda mrefu zaidi, wakati mwingine dakika kadhaa kwa foto moja.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo kila anayeangalia foto za zamani anapaswa kulijua. Kama foto inachukua muda, kitu kisichotembea kinatokea vizuri: ukuta, mnara, mnazi siku isiyo na upepo, jahazi lililofunga kamba. Lakini mtu anayetembea anageuka ukungu, ao hatokei kabisa. Mama anayepita na mtungi kichwani, kuli anayebeba jino la tembo kutoka bandarini, mtoto anayekimbia: wote wanafutika. Juu ya ile, foto nyingi za miji ya karne ya 19 zinaonekana kama mji uliohamwa. Mji haukuwa umehamwa. Watu walikuwepo, ila walikuwa kwenye kazi, na kazi haisimami kungoja apareyi.

Kisiwa ambacho njia zote zilifikia

Mwaka 1866 Kirk alirudi Afrika, safari hii kama munganga wa ofisi ya Uingereza huko Zanzibar. Mwaka uliofuata alimuoa Helen Cooke pale pale kisiwani. Polepole akapanda cheo: msaidizi wa balozi, kaimu balozi mwaka 1870, kisha balozi kamili mwaka 1873.

Unguja si kisiwa kikubwa. Mtu anaweza kukivuka kwa miguu kutoka magharibi hadi mashariki ndani ya siku moja. Lakini wakati ule biashara yote ya Afrika Mashariki ilipita hapo. Mji wa Mawe ulikuwa umejipanga kwenye ufuko: ngome ya zamani, majumba ya Sultani, ofisi ya ushuru, nyumba za wafanyabiashara Waarabu na Wahindi zenye milango mizito ya mbao iliyochongwa. Mbele yake yalitia nanga majahazi yaliyofika na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na India, na kurudi na upepo wa kusi. Nyuma ya mji kulikuwa na mashamba ya mikarafuu na minazi, yakilimwa na watumwa.

Ofisi za balozi zilikuwa pale pale ufukweni, upande wa Shangani. Kuanzia miaka ya kati ya 1870 Kirk alifanya kazi kwenye jumba linaloitwa Mambo Msiige, ambalo bado limesimama hadi leo. Mtu aliyekaa hapo aliona kila kitu kinachoingia na kutoka baharini. Kirk alitoa apareyi yake na kupiga foto za mji, ufuko, bandari, miti na watu wa kisiwa. Hakufungua studio. Hakuuza foto kwa watalii kama wengine waliokuja baadaye. Alipiga kwa kupenda kujua, kama vile alivyokuwa anakusanya majani na kuyakausha.

Kitu ambacho foto ya bandari haionyeshi ni urefu wa njia iliyoleta mzigo. Pembe iliyokuwa inapimwa kwenye ofisi ya ushuru ilikuwa imetembea miezi mingi: kutoka Kasongo ao Nyangwe, kandokando ya mto Lualaba, kuvuka Tanganyika mpaka Ujiji, kisha Tabora, kisha Bagamoyo, na mwisho jahazi hadi Unguja. Kila jino lilifika kwenye bega la mtu. Kutoka Zanzibar liliendelea hadi Bombay kutengenezwa bangili, ao London na Marekani kutengenezwa funguo za piano na mipira ya biliadi.

Kwa njia hiyohiyo walitembea watu waliokamatwa. Wengi walifia njiani. Waliofika waliuzwa kwenye soko la wazi mtaani Mkunazini, ndani ya Mji wa Mawe, umbali mfupi kwa miguu kutoka ofisi ya balozi. Na kwa njia hiyohiyo, upande wa kurudi, ndiyo ilipita lugha ya Kiswahili. Wale watu wa pwani waliojiita waungwana walifika nayo Maniema, na ndiyo maana Kiswahili cha huko kiliitwa Kingwana. Kila anayeongea Kiswahili Goma leo anabeba kipande cha ile barabara ndani ya kinywa chake.

Siku moja ya Aprili

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kali ilipiga Unguja. Ni jambo ambalo wazee wa kisiwa hawakuwa wamewahi kuona, kwa sababu tufani za Bahari ya Hindi mara nyingi zinapita kusini zaidi. Upepo ulizamisha majahazi na meli za Sultani bandarini, ukabomoa nyumba, ukang'oa sehemu kubwa ya minazi na mikarafuu ya kisiwa. Mkarafuu unahitaji miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri. Kwa hiyo mashamba ya Unguja hayakupona haraka, na tangu hapo kisiwa cha jirani cha Pemba, ambacho tufani haikukigusa sana, kikawa ndicho chenye karafuu nyingi.

Kirk alikuwepo. Alikuwa amekaa kisiwani miaka sita tayari. Baada ya siku ile, foto yoyote ya minazi, ya bandari ao ya mashamba iliyopigwa kabla ilibadilika maana. Juzi ilikuwa foto ya kawaida tu, ya kitu ambacho kila mtu anakiona akifungua dirisha. Sasa ilikuwa ndiyo mahali peke yake ambapo kile kitu bado kipo.

Wakaaji wa Goma hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Kuna avenue ambazo leo zinabaki tu ndani ya foto za harusi, za komunyo ya kwanza ao za siku ya kutoa diploma, ambapo nyuma ya watu wanaocheka unaona nyumba ao duka ambalo liko chini ya mawe. Hakuna aliyepiga zile foto ili kuhifadhi mji. Mji uliingia wenyewe kwa nyuma.

Nyangwe, Stanley, na soko kufungwa

Wakati huo Livingstone alikuwa amepotelea ndani ya bara. Kirk, kutoka Zanzibar, alikuwa na kazi ya kumtumia chakula, nguo za kubadilisha na wapagazi. Kazi hiyo ilikwenda vibaya. Wapagazi walichelewa pwani, na mzigo uliofika Ujiji uliuzwa na yule aliyepewa kuulinda. Livingstone alifika huko akiwa hana kitu.

Kabla ya hapo, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alikuwa Nyangwe, katika Maniema. Ilikuwa siku ya soko, na kama masoko yetu yote, waliojaa hapo walikuwa wamama. Watu wa wafanyabiashara kutoka pwani walianza kuwapiga risasi. Wengi walikufa kwa risasi, wengine walizama Lualaba wakijaribu kukimbia. Livingstone aliona kwa macho yake, na aliandika. Hakukuwa na apareyi ya foto Nyangwe siku ile. Kulikuwa tu na kalamu, na karatasi ambazo zilikuwa zinamuishia.

Stanley alimpata Livingstone Ujiji mwezi wa Novemba mwaka huohuo, na ndiye aliyerudi na barua zake. Alifika Zanzibar Mei 1872, wiki chache baada ya tufani, akiwa na hasira. Alimshtaki Kirk mbele ya dunia nzima kwamba alimuacha rafiki yake afe njaa. Magazeti ya London na New York yalijaa maneno hayo. Serikali ya Uingereza ilichunguza na haikumpata Kirk na kosa, lakini jina lake lilibaki na doa kwa miaka.

Habari za Nyangwe zilifanya kazi nyingine. Zilipofika Uingereza, raia na makanisa walisukuma serikali. Mwanzoni mwa 1873 ilitumwa Zanzibar tume ya Sir Bartle Frere ili kumtaka Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa. Barghash alikataa. Kisiwa kilikuwa kimeharibiwa na tufani, mashamba yalihitaji mikono, na wafanyabiashara wakubwa walimkazia. Frere akaondoka mikono mitupu.

Ndipo kazi ikabaki kwa Kirk. Aliwajua wakubwa wa kisiwa mmoja mmoja, na alimjua Barghash. Alitumiwa amri kutoka London: kama Sultani hatii, meli za kivita za Uingereza zitazingira kisiwa. Kirk alimueleza Barghash hivyo, kwa heshima lakini bila kuzunguka. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia sahihi. Soko la Mkunazini lilifungwa. Mwisho wa mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana walianza kujenga kanisa kuu kwenye uwanja uleule, na linasimama hadi leo.

Vifaa vya kusifia vipo, lakini lazima historia isemwe yote. Ule mkataba ulikataza kusafirisha watumwa baharini na kufungua masoko. Haukumpa uhuru mtumwa aliyekuwa tayari shambani. Utumwa wenyewe ulifutwa Zanzibar mwaka 1897 tu. Na huku ndani, kando ya Lualaba, misafara ya pembe iliendelea, na watu waliendelea kukamatwa kubeba zile pembe na kulima mashamba ya wakubwa wa Kasongo na Nyangwe. Barua iliyotiwa sahihi kisiwani ilichukua miaka mingi kufika Maniema.

Rafiki aliyelazimishwa kusaliti

Baada ya 1873, Kirk na Barghash wakawa karibu sana. Mwaka 1875 Sultani alisafiri London, na Kirk alimsindikiza. Aliporudi, Barghash alianza kujenga. Alileta maji safi mjini kwa mifereji. Mwaka 1883 alimaliza Beit al-Ajaib, jumba refu ambalo mtu aliyefika na meli aliliona kwanza. Wakati huo teknolojia ya foto pia ilikuwa imebadilika: vioo vikavu vilikuwa vimeanza kuuzwa tayari, na foto iliweza kupigwa kwa sehemu ya sekunde. Mtu anayetembea alianza kubaki ndani ya foto.

Pembeni mwa mji, kule Mbweni, Kirk alikuwa na nyumba na bustani ambako alipanda mimea kutoka pande zote za dunia ili kuona ipi inaweza kustawi. Kazi yake na wanyama na mimea iliacha jina lake mahali pengi. Kima punju, yule kima mwekundu ambaye anapatikana Zanzibar tu, anabeba jina lake katika lugha ya sayansi. Digidigi mmoja pia. Na kuna mmea wa kutambaa wa mwituni, Landolphia kirkii, ambao Kirk alionyesha kwamba utomvu wake unatoa mpira wa biashara. Biashara hiyo ilikua haraka pwani. Mmea wa jamii hiyohiyo ndio ambao, miaka michache baadaye, watu wa Congo walilazimishwa kuutafuta msituni kwa ajili ya Mfalme Leopold, na mikono ikakatwa. Kirk hakuhusika na hilo. Lakini inaonyesha jinsi jina la mmea ndani ya kitabu cha mtaalamu linaweza kugeuka mzigo mgongoni mwa mtu wa mbali.

Pigo la mwisho lilikuja 1885. Ujerumani ilidai sehemu kubwa ya bara ambayo Sultani aliihesabu kuwa yake, na Agosti mwaka huo meli zake za kivita zilijipanga mbele ya Unguja. Barghash alimtegemea Kirk. Kirk mwenyewe alikuwa anaamini kwamba Sultani ana haki. Lakini London ilikuwa inahitaji urafiki wa Wajerumani, na ilimuamuru balozi wake amshauri Barghash akubali. Kirk alitii. Miaka karibu 20 ya kujenga imani, na ndiye aliyepaswa kumuambia rafiki yake kwamba ahadi ya Uingereza haina nguvu tena. Mwaka huohuo wa 1885, upande wa magharibi, Leopold alikuwa ametambuliwa kuwa mwenye Congo. Zile njia zote za Maniema zilizokuwa zinatazama Zanzibar zilianza kugeuzwa kutazama Boma na Antwerp.

Mwaka 1886 Kirk aliondoka Zanzibar na kurudi Uingereza. Barghash alikufa mwaka 1888.

Kilichobaki

Kirk aliishi miaka mingi bado. Mwaka 1889 na 1890 aliiwakilisha Uingereza kwenye mkutano wa Bruxelles juu ya biashara ya watumwa, mkutano ambao Leopold aliutumia vizuri kujisafisha jina na kutafuta pesa za dola lake. Baadaye serikali ilimtuma Niger, na ilimuweka kwenye kamati ya reli ya Uganda. Uzeeni macho yake yalififia karibu kabisa. Kwa mtu aliyeishi kwa kuangalia majani madogo na vioo vya foto, hiyo ilikuwa adhabu ngumu. Alikufa tarehe 15 Januari 1922 huko Sevenoaks, kusini mwa Uingereza, akiwa na miaka 89.

Foto zake zilibaki ndani ya mali ya familia, na sasa, pamoja na maandishi yake, ziko kwenye Maktaba ya Taifa ya Scotland, katika mji wa Edinburgh. Watafiti wanazitumia kujua ukuta gani ulikuwepo, jumba gani lilibomolewa, mti gani ulikuwa unakua wapi.

Lakini kuna swali ambalo foto za enzi ile haziwezi kujibu. Ilikuwa kawaida ya wataalamu wa mimea kusimamisha mtu kando ya mti, ili anayeangalia apime urefu wa shina. Mti uliandikwa jina lake la Kilatini. Jumba liliandikwa jina la mwenyewe. Yule mtu aliyesimama kwenye jua, bila kutikisika, mpaka foto ikamilike, mara nyingi hakuandikwa kitu. Kati ya waliobeba masanduku ya dawa na vioo, kati ya makuli wa bandari na wamama wa mashamba ya karafuu, kulikuwa na watu waliotoka huku. Watoto wa watoto wao wako hadi leo Ujiji, Tabora, Bagamoyo na Dar es Salaam, ambako bado wanaitwa Wamanyema, na kule Kariakoo kuna hata msikiti wenye jina hilo. Jina la kabila lilibaki. Majina ya watu hayakubaki.

Leo wapiga foto wa Goma ni wengi: wenye studio, wanaozunguka kwenye harusi, vijana wanaongojea wateja kando ya ziwa, wale wanaovuka na mashua hadi Tchegera ao Idjwi na kurudi na foto za wavuvi, za wamama wa soko na za jua linalozama. Apareyi zao zinafanya kwa nukta moja kile ambacho Kirk alifanya kwa nusu siku, na hakuna tena mtu anayefutika kwa sababu alikuwa anatembea. Kilichobaki ni kile ambacho hata apareyi ya bei ghali haifanyi yenyewe: kuuliza yule mvuvi anaitwa nani, kuandika mahali na tarehe, na kuweka foto mahali ambapo hata mlima ukishuka tena, haitaungua pamoja na nyumba.